Pakanga ya Nyandira

Chupa iliyokutwa mezani kwa marehemu ilikuwa na namba mbili.

Inspekta Yustina Lwena aliishika shingoni kwa vidole viwili vya glavu, akaigeuzia dirishani. Ndani mlikuwa na kinywaji cha kijani kilichofifia, kimebaki nusu, na chini kimelala kijiti chenye majani membamba yaliyochanikachanika kama manyoya ya kifaranga. Juu ya kipande cha plasta nyeupe mtu alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kunyooka: *Pakanga. Siku kumi. Na. 2.*

"Kama hii ni namba mbili," alisema, "namba moja iko wapi?"

Koplo Mwinjuma alikuwa amepiga magoti akimulika tochi chini ya kitanda. Alikuwa mtu mzima, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na magoti yalilia alipojisogeza.

"Huku haipo, afande. Kuna viatu na dumu tupu la lita tano. Linanuka spiriti."

"Lifunge vizuri uliwekee lebo."

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, Kihonda. Mwili wa Evance Kamugisha ulikuwa umeondolewa chumbani humo jana yake, baada ya fundi cherehani wa chumba cha pili kugonga mlango bila kuitikiwa. Marehemu alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alizaliwa Bukoba, akafanya kazi ya maabara kwenye shamba la miwa kwa miaka thelathini, akafiwa na mkewe kabla hawajapata mtoto, akastaafu, akapanga chumba hiki. Yustina aliyajua hayo kutokana na vitambulisho, hati na barua vilivyokuwa kwenye bahasha moja juu ya kabati. Hakukuwa na mtu wa kumweleza zaidi.

Aliorodhesha vitu vya chumbani. Sahani moja. Kijiko kimoja. Sufuria moja, kikombe kimoja cha bati, kiti kimoja, stuli moja. Glasi, mbili.

Glasi hizo mbili ndizo zilizofanya mkuu wake aandike neno *mauaji* juu ya jalada. Mtu anayekula kwenye sahani moja hatoi glasi mbili bila mgeni. Daktari aliyeupokea mwili, Dokta Josephina, hakuona jeraha wala alama ya kukabwa. Mtu alikunywa kitu, akatapika, akafa usiku wa Jumanne. Sampuli zimepelekwa maabara ya serikali Dar es Salaam na majibu yatachukua muda wake.

Yustina aliinusa glasi ya kwanza. Uchungu wa majani ulimpanda mpaka kwenye macho. Akainusa ya pili. Ilikuwa na machicha meusi chini, yamekauka. Aliziweka kila moja kwenye mfuko wake, akatoka nje.

Shadia, fundi cherehani, alikuwa barazani na mashine yake. Hakuwa anashona. Alikuwa ameshika kitambaa tu.

"Mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa lini?" Yustina aliuliza.

"Jumanne mchana. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Akatoka anapapasa ukuta. Nikamwambia shikamoo baba, akaitikia, ila anatazama kule kwenye tangi la maji, siyo kwangu."

"Alisema kitu?"

"Alisema, leo ukungu wa mlimani umeshuka mpaka Kihonda."

"Wewe ukasema nini?"

"Nilicheka. Nilijua ananitania. Jua lilikuwa linachoma mpaka hii mashine haishikiki." Aliinamisha uso. "Akarudi ndani, akafunga mlango."

Mwinjuma, aliyesimama mlangoni, alisema kwa sauti ya chini, "Pombe zilikuwa zimempanda, afande."

"Labda." Yustina aliandika maneno yale kama yalivyosemwa. "Wageni wake ni akina nani?"

"Wageni?" Shadia alimtazama kana kwamba ameulizwa habari za mtu mwingine. "Nina miaka minne hapa. Nimeona watu wawili tu wakigonga huu mlango. Mmoja ni Oscar, yule mwenye karakana ya sabuni ya maji na dawa ya vioo hapo nyuma, ndiye anayemletea spiriti kwenye dumu. Wa pili ni Mzee Stambuli wa Nyandira. Huyo huja kila mwezi na kiroba cha majani. Na baba naye hupanda huko kwake, akakaa siku mbili."

"Mara ya mwisho Stambuli alikuja lini?"

"Jumapili. Alikaa mpaka alasiri. Alipoondoka alikuwa na kitu amekifunga kwenye gazeti."

"Kikubwa?"

Shadia alichukua futi yake ya kushonea, akaivuta hewani mbele ya Yustina. Inchi kumi na mbili. Urefu wa chupa.

Simu ya mkuu wa upelelezi iliwakuta wanaingia kwenye gari. Alikuwa amesoma kwenye mtandao kwamba huko Ulaya pakanga hutiwa kwenye pombe kali, na kwamba zamani walipiga marufuku kinywaji hicho kwa kudai kinatia watu wazimu. Mitaa ya Kihonda nayo ilikuwa imekwisha kuhukumu: majani ya yule mzee ni sumu.

"Mlete huyo mzee leo leo," alisema. "Na shamba lake lifyekwe kabla hajaua mwingine."

"Nitamleta kama kuna sababu, afande."

"Sababu unayo kwenye chupa."

*

Barabara iliwapitisha Mzumbe na Mlali, kisha ikaanza kupanda na kujipinda. Chini kulikuwa na joto la kutoa jasho. Walipofika Mgeta Mwinjuma alisimamisha gari akavaa sweta. Wakapishana na pikapu za kabichi na njegere zinazoshuka sokoni. Karibu na Nyandira ukungu uliwafunika. Mwinjuma aliwasha taa, ingawa ilikuwa saa tano na nusu mchana, akaendesha kwa kufuata ukingo wa barabara. Mwisho wa barabara waliacha gari na kupanda kwa miguu nusu saa, wakisikia mbuzi wasiowaona.

Harufu ya shamba iliwapokea kabla ya shamba lenyewe. Ilikuwa ile ile ya kwenye chupa, mbichi na kali zaidi. Mimea ilisimama kwenye matuta kufikia kifua cha mtu, ya kijani iliyopauka, imelowa. Katikati yake alikuwepo mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, amekaa kwenye kigoda, anapukusa majani kutoka kwenye mashina na kuyadondoshea kwenye ungo.

"Shikamoo mzee," Yustina alisema.

"Marahaba, mama. Karibuni. Mmepotea njia?"

Mwinjuma alimsalimu kwa Kiluguru, na mzee akamjibu kwa furaha ya mtu ambaye hajasikia sauti siku nyingi. Aliuliza habari za huko chini, habari za mvua, habari za barabara. Yustina aliwaacha wamalize. Kisha akajitambulisha, akasema kilichomleta. Evance Kamugisha amefariki.

Mzee Stambuli alikuwa na shina mkononi. Aliendelea kulipukusa taratibu mpaka mwisho, bila kuruka jani, akaliweka chini kando ya mengine.

"Lini?"

"Jumanne usiku."

"Jumapili alikuwa mzima."

"Ulikuwa kwake Jumapili."

"Nilikuwa kwake. Nilimpelekea haya."

"Mlikunywa?"

"Mimi sinywi pombe, mama. Nilikunywa chai."

"Kwenye nini?"

Swali lilimshangaza. "Kwenye glasi. Alikuwa na kikombe kimoja tu. Mwaka juzi alinunua glasi mbili, akasema moja ni ya kwangu nikija. Hakuwa anaitumia mwenyewe. Nikienda naikuta pale pale."

Yustina alikumbuka yale machicha meusi. Alimgeukia Mwinjuma. "Ile ya pili. Yalikuwa majani ya chai."

"Kwa hiyo mgeni wa kunywa naye hakuwepo," Mwinjuma alisema.

"Alikunywa peke yake." Akamrudia mzee. "Ulipoondoka ulibeba kitu kwenye gazeti."

"Chupa."

Mwinjuma alisogea hatua moja, mkono ukaenda kiunoni zilipo pingu. Yustina alimzuia kwa kutikisa kichwa.

"Chupa namba moja?"

"Kuandika aliandika, mimi sikusoma. Alisema majani yamelowekwa siku kumi, ya kwanza nimpelekee Laurenti, jirani yangu wa huko bondeni. Laurenti ndiye anayenibebea kiroba mpaka barabarani. Mgongo wangu hauwezi tena. Evance akasema mbebaji ndiye anaanza, yeye atabaki na ya pili."

"Umeshampa?"

"Jana jioni. Jumatatu na Jumanne alikuwa Mlali kuuza mbuzi."

Yustina alitazama matuta. Ukungu ulikuwa unapita kati ya mimea kama moshi wa jiko la kuni. "Mzee, huko Kihonda wanasema majani yako yameua mtu."

Mzee Stambuli alinyoosha mkono, akachuma ncha ya tawi, akaitia mdomoni. Alitafuna polepole huku anamtazama, akameza, uso ukamkunjamana kwa uchungu.

"Walikuja watu wa mradi zamani, wakatugawia mbegu," alisema. "Dawa ya malaria. Walisema watanunua yote. Tukang'oa njegere, tukapanda hii kijiji kizima. Msimu wa pili hawakuja. Wenzangu waling'oa. Mimi mke wangu alikuwa anaumwa, sikuwa na nafasi ya kung'oa. Alipofariki nikaiacha tu. Kila asubuhi nachemsha jani nakunywa. Ni miaka kumi na moja."

"Evance alikujuaje?"

"Alikuja hapa kutafuta majani haya. Alikuwa ameyasoma vitabuni. Mimi nilikuwa nayaita dawa ya mradi, yeye ndiye aliyeniambia jina, pakanga. Akachukua kidogo. Mwezi uliofuata akarudi, kumbe yale ya mwanzo hayajaisha." Alitabasamu kidogo. "Niliyaona kwenye mkoba wake. Sikumuuliza."

"Mlikuwa mnaongea nini siku mbili nzima?"

"Hatukuwa na maneno mengi. Yeye anakaa pale, mimi nakaa hapa. Tunapukusa."

Yustina aliangalia mahali alipoonyeshwa. Kulikuwa na kigoda cha pili, kimefunikwa gunia kisilowe.

"Twende kwa Laurenti," alisema. "Sasa hivi."

*

Njia ilikuwa ya utelezi, ya kushika mashina. Mzee Stambuli alitangulia bila kutazama miguu yake. Njiani Mwinjuma alimnong'oneza Yustina kwamba mzee akiamua kukimbilia ukunguni hawatamwona tena.

"Angetaka kukimbia asingetuambia chupa iko wapi," Yustina alijibu.

Nyumba ya Laurenti ilikuwa ya tofali za kuchoma, imejibanza kwenye mteremko. Laurenti alikuwa amekaa uani kwenye benchi, amejifunika blanketi. Alikuwa mwanamume mpana wa mabega, wa miaka arobaini hivi. Mkewe, Bernadeta, alikuwa anamenya viazi karibu yake. Chupa ilikuwa dirishani. Yustina aliisoma kabla ya kusalimia. *Pakanga. Siku kumi. Na. 1.* Ilikuwa imepungua robo.

"Amekunywa lini?"

"Jana jioni, baada ya kula," Bernadeta alisema. "Glasi mbili. Mimi nilionja nikatema, chungu kama nyongo. Kuna nini?"

"Mimi ni polisi, dada. Unajisikiaje, kaka Laurenti?"

"Kichwa tu. Na tumbo linavuruga. Nimeamka nalo." Alikuwa anazungumza akiwa ameelekeza uso kwenye zizi la mbuzi, ambako hakukuwa na mtu. "Nimelala mpaka saa nne, mke wangu amenifukuza kitandani."

"Mara nyingi akinywa hulala," Bernadeta alisema, kidogo kwa hasira.

Yustina aliitwaa chupa, akaitia kwenye mfuko, akaufunga. Alianza kuuliza maswali ya kawaida. Nani mwingine ameigusa, nani mwingine ameonja. Hakuna. Mwinjuma aliandika. Mzee Stambuli alibaki pembeni, mikono nyuma.

Ndipo upepo ulipotoka upande wa bonde. Ukungu ulichanika katikati, ukainuka, na jua likaingia uani kwa ghafla. Matuta ya kabichi yakaonekana mpaka chini mtoni, na ng'ambo ya pili mapaa ya bati yakawaka. Bernadeta aliziba macho kwa kiganja. Mwinjuma aligeuza uso. Mzee Stambuli alivuta kofia mbele.

Laurenti alikuwa amekaa vile vile. Jua lilikuwa limemwangukia usoni lote, naye hakukunja hata kope.

"Leo ukungu umegoma kuondoka," alisema.

Kisu cha Bernadeta kilisimama juu ya kiazi. "Ukungu gani? Si umeshaondoka?"

"Umeondoka wapi? Mbona weupe mtupu?"

Yustina alipiga magoti mbele yake, akainua vidole vitatu.

"Kaka Laurenti, nimeinua vidole vingapi?"

"Umeinua mkono?" Sauti yake ilianza kubadilika. Alinyoosha mkono mbele, akapapasa hewa, akagusa bega la Yustina. "Berna. Berna, uko wapi?"

Mkewe alikuwa tayari amemshika.

Yustina alisimama. "Koplo, Shadia alisema marehemu alimwambia nini Jumanne mchana?"

Mwinjuma hakuhitaji kufungua daftari. "Ukungu umeshuka mpaka Kihonda."

"Wewe ni mtu wa huku. Umewahi kuona ukungu Kihonda mchana wa jua kali?"

"Sijawahi, afande."

"Hakuwa anatania, na hakuwa amelewa. Alikuwa anapofuka. Simu inashika wapi?"

Ilishika juu ya jiwe, mita mia mbili kutoka uani. Yustina alipanda akitambaa kwa mikono. Dokta Josephina alipokea kwenye mlio wa tatu. Yustina alimweleza kwa sentensi tano: masaa mangapi, kiasi gani, kichwa, tumbo, weupe machoni.

"Hiyo ni methanoli," daktari alisema bila kusita. "Spiriti ya viwandani. Inakaa mwilini, baada ya masaa inageuka sumu, na macho ndiyo yanaanza. Mleteni sasa hivi. Tiba ipo, lakini kila saa ina maana."

"Na majani?"

"Majani hayafanyi hivyo. Majani yamefanya kazi moja tu, yamefunika ladha."

Walitengeneza machela kwa miti miwili na vitenge vya Bernadeta. Wabebaji walihitajika wanne na walikuwa watatu tu wenye nguvu: Mwinjuma, Bernadeta na Yustina. Mzee Stambuli alishika ncha ya nne kabla hajaambiwa.

"Mgongo wako, mzee," Yustina alisema.

"Huyu amenibebea miaka sita."

Walipanda hivyo mpaka kwenye gari. Mara mbili walimtua chini mzee apumue. Hakulalamika, ila mara ya pili alibaki ameinama, mikono kwenye magoti, na aliposema alisema kama anayezungumza na ardhi.

"Mimi ndiye niliyemletea hiyo chupa."

"Ulileta zawadi," Yustina alisema. "Anayejua kilichokuwa ndani ni mwingine. Inuka, mzee. Bado kidogo."

*

Oscar alikuja kituoni Ijumaa saa tatu asubuhi akiwa amevaa shati la kupiga pasi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye maneno mepesi. Yustina alimpokea kwenye chumba kidogo cha nyuma, ambako madirisha mawili yalikuwa yamefungwa kuzuia kelele za barabarani. Kwenye meza kulikuwa na karatasi, kalamu, na lile dumu la lita tano.

"Unalijua hili?"

"Madumu yote yanafanana, afande."

"Kweli. Shadia anasema ulilipeleka kwa Evance Kamugisha wiki mbili zilizopita."

"Inawezekana. Yule mzee ni mteja wangu wa siku nyingi. Nimesikia msiba, nimeumia sana."

"Ulimpelekea nini?"

"Spiriti safi. Ile ya siku zote. Mimi sijui anafanyia nini."

"Hujui kama anakunywa?"

"Sijui. Mimi nauza tu. Na watu wanasema ni yale majani yamemuua."

"Watu wanasema." Yustina alilivuta dumu karibu. "Basi humu yamebaki matone chini. Wewe ndiye fundi wa spiriti, mimi sijui. Nataka uninusie uniambie kama ni ile safi." Akaanza kufungua kifuniko.

Oscar alirudisha kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. "Usifungue humu ndani, afande! Madirisha yamefungwa."

Yustina aliacha mkono juu ya kifuniko. Mwinjuma, kwenye kona, aliinua uso kutoka kwenye karatasi.

"Kwa nini nisifungue?"

"Si vizuri. Ule mvuke..."

"Mvuke wa spiriti safi? Ile ambayo nesi anampaka mtoto mkononi akimchoma sindano?"

Barabarani pikipiki ilipita, ikapotea. Yustina alimsubiri kama mtu mwenye siku nzima.

"Mzigo wa kawaida ulikuwa haujafika kutoka Dar," Oscar alisema mwishowe. "Nilikuwa na pipa la ile ya kutengenezea dawa ya vioo. Zinafanana, ni nyeupe zote. Nilimpimia humo."

"Ulijua anakunywa."

"Nilijua."

"Ulijua hii hainywewi."

"Kwenye pipa kuna alama ya fuvu." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka Mwinjuma akainama kusikia. "Nilidhani kwa kuwa anachanganya na yale majani, makali yatapungua. Nilidhani ataumwa kichwa tu."

"Yeye alikuwa mtu wa maabara. Hakukuuliza?"

"Aliuliza. Alisimama pale mlangoni, akashika dumu, akaniuliza, ni ile ile?"

"Ukamjibu?"

Oscar alifunika uso. "Nikamwambia ile ile."

"Nani mwingine umempimia kwenye hilo pipa kwa kunywa?"

"Hakuna. Naapa. Ni yeye tu aliyekuwa ananunua kwa kunywa."

"Koplo, chukua watu wawili mkafunge karakana. Pipa lije hapa." Yustina alimsogezea Oscar karatasi. "Andika. Anza na mzigo ambao haukufika."

Pipa lilikutwa nyuma ya mlango, alama ya fuvu imegeuziwa ukutani.

*

Jumamosi Dokta Josephina alipiga simu. Laurenti ataishi. Jicho la kulia lilikuwa limeanza kutofautisha dirisha na ukuta. La kushoto hakuahidi kitu. Bernadeta alikuwa amekaa chini kando ya kitanda kwa siku mbili na hakukubali kutoka hata kula.

Kesi ilikuwa imebaki karatasi tu, na mwili mmoja. Simu ya Evance Kamugisha ilikuwa na namba saba. Tatu zilikuwa za huduma za mtandao. Moja ilikuwa ya Oscar, moja ya Shadia, moja ya Laurenti, ambayo Stambuli alikuwa akiazima kupigia. Ya saba ilipokelewa Bukoba na mwanamke aliyesema ni mtoto wa kaka yake. Yustina alimweleza pole pole.

"Baba mdogo hatujamwona miaka kumi na tisa," mwanamke alisema. "Hatuna mtu wa kumtuma. Mzikeni huko huko. Kama yupo wa kumzika."

Jumatatu asubuhi Yustina alimkuta Mzee Stambuli amekaa kwenye benchi la mochwari. Alikuwa ameshuka kwa gari la kabichi, na kofia yake ilikuwa safi. Alisema katekista wa Nyandira amekubali kusoma sala, na vijana wameshachimba kaburi juu ya shamba, mahali pakavu.

Karani alikuwa na fomu ya kukabidhi mwili. Aliandika jina la marehemu, umri, tarehe. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Mpokeaji ni nani wa marehemu?"

"Rafiki," mzee alisema.

"Rafiki haikubaliki hapa, mzee wangu. Lazima awe ndugu."

Mzee Stambuli alimtazama Yustina.

"Basi andika ndugu."

"Ndugu wa upande gani? Wa baba au wa mama?"

Mzee alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba karani aliweka kalamu chini.

"Wa mlimani," alisema.

Karani alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Alimgeukia Yustina kutafuta msaada. "Afande, hapa nitaandika nini?"

"Andika alivyokwambia," Yustina alisema. "Mimi nitatia sahihi ya shahidi."

Karani aliandika. Mzee Stambuli alibonyeza kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye fomu, akakiinua taratibu ili alama isipakae. Alikitazama kidole hicho cheusi, hakukifuta. Kisha akauliza kama anaruhusiwa kuingia kumwona. Karani alimfungulia mlango, akaingia peke yake, na kwa muda mrefu wale waliobaki nje hawakusikia sauti yoyote.